Chakula Imepoa

Sehemu ya tano: Aliyekuwa akisikiliza

Msomaji, kama umetukuta njiani, shika haya machache twende pamoja.

Kavata ni msusi wa nywele soko la Tulia. Mumewe, Kiama, alikuwa utingo wa lori za ndengu, yaani choroko. Asubuhi moja aliaga kwamba anafuata mzigo, na hakurudi. Simu yake ilizima, miezi ikapita. Kisha siku moja ikawaka. Kavata akatuma ujumbe wa sauti WhatsApp, na zile tiki mbili zikageuka buluu.

Hakujibiwa. Lakini alisikilizwa. Picha ya Kiama ilikuwa imeondolewa, naye Kavata akajiambia kwamba ni haya tu, mwanamume ameona haya. Akipiga simu, inalia weee mpaka inajikata. Akituma sauti, inasikilizwa. Basi kila jioni akawa anamsemesha mumewe kwa njia hiyo, na watu waliposema huyo mtu amekufa, yeye alinyamaza tu. Maiti haifungui WhatsApp.

Wiki jana tulimwona kitana kikimwanguka mkononi. Redio ya saluni ilikuwa inapiga wimbo mpya wa sherehe, ule wa kijana anayejiita Ndengu Kali, na kabla kijana hajafungua kinywa, mwanamke alisema kitu juu ya ngoma:

"Uko wapi? Kuja basi. Chakula imepoa."

Mwanamke huyo alikuwa Kavata.

*

"Aiee, unanivuta!" Mteja aliyekuwa kitini alishika kichwa. Alikuwa Wangechi, mwenye duka la mitumba ng'ambo ya barabara. "Ama ni hii wimbo imekupeleka mbali? Hata mimi imeniingia mpaka kwa mifupa."

"Pole, Wangechi. Mkono umeteleza."

"Huyo mama wa hapo mwanzo ndiye ananimaliza. Umesikia vile anasema 'kuja basi'? Mpaka unaona sufuria." Wangechi akacheka, kichwa kikatikisika katikati ya vidole vya Kavata. "Lazima walitafuta mtu wa kuigiza. Mtu hawezi kusema hivyo akiwa peke yake."

Kavata aliokota kitana, akakifuta kwa leso, akaendelea kusuka. Alisuka nywele za mtu aliyekuwa akirudia maneno yake. Angesema nini? Ni mimi? Halafu aulizwe, ulikuwa unaambia nani?

Aliikumbuka jioni ile yenyewe. Alikuwa amepika ugali na kunde, akapakua sahani mbili. Hakukusudia. Mkono ulipakua wenyewe. Alipoona sahani ya pili pale mezani alichukua simu, akasema yale maneno huku akigonga kijiko kwenye sufuria, kama alivyozoea kumwita Kiama kutoka uani.

Ujumbe ule ulikwenda kwa simu moja tu duniani.

Ikawa ni kazi ya Kiama basi. Alimwona, kwa macho ya moyo, amekaa na vijana mahali fulani, simu imezungushwa mkono kwa mkono, wote wanacheka. Sikizeni bibi yangu, anawaambia. Hasira ilimpanda. Na hapo hapo, bila kuitwa, furaha nayo ikaja ikaketi kando ya hasira: kama ameitoa ile sauti, yu hai, na kuna mtu anayejua aliko.

*

Wimbo ukatapakaa kama siafu.

Wanaboda wakawa wakikutana wanaitana, "Uko wapiii?" na mwingine anajibu, "Imepoaaa!" Watoto wa shule wakaufanya mchezo wa kamba. Kanisani mchungaji aliukemea kwenye mimbari, na vijana waliokuwa bado hawajausikia wakaenda kuutafuta.

Jumamosi moja kulikuwa na harusi pale pale Tulia, na Kavata ndiye aliyemtengeneza bibi harusi nywele. Mchungaji alipomaliza kula na kuondoka, mwenye spika akafanya alichokuwa akingoja kufanya tangu asubuhi.

"Uko wapi?" Kavata wa kwenye spika aliuliza, kwa sauti iliyotikisa hema.

Uwanja mzima ukaruka. Bibi harusi alimkimbilia Kavata wa kweli, akamshika mikono yote miwili. "Cheza, Kavata! Hii ndio wimbo yetu!"

Akacheza. Angefanyaje? Alinyoosha mikono juu kama wengine, na watu wakanguruma pande zote, "Imepoaaa!" Hajawahi kuwa katikati ya watu wengi namna ile. Hajawahi kuwa peke yake namna ile.

Alipotoka kupumua, Muindi alimletea soda. Muindi ni mzee wa kanisa, mjane, mtu mpole, na mwaka jana alikuwa amemwomba Kavata waoane. Kavata alimkatalia. Hakumwambia sababu, kwa maana sababu yenyewe ilikuwa tiki mbili za buluu.

"Hata wewe unaijua hiyo wimbo?" aliuliza Muindi.

"Naijua."

"Si ya mtu ameokoka." Akatazama vumbi la wachezaji. "Lakini huyo mama anasema ukweli. Kwangu pia chakula hupoa."

Maneno yalimfika Kavata kwenye ncha ya ulimi. Ni mimi, Muindi. Ni mimi huyo. Akayameza na soda, akaaga, akaenda nyumbani kabla keki haijakatwa.

Hakutuma sauti jioni ile. Kwa mara ya kwanza tangu simu iwake, alikula bila simu mezani. Kesho yake alimpigia mama mkwe.

Hapa lazima niwaeleze kidogo. Kiama hakuwa Mkamba. Wazazi wake walitoka eneo la kati ya Kenya wakafungua duka Emali, kwenye barabara ya Mombasa, na yeye akazaliwa hapo. Kavata ni Mkamba wa Tulia kabisa. Kwa hivyo nyumba yao ilikuwa nyumba ya Kiswahili. Walipendana kwa Kiswahili chao kibovu, wakagombana kwa hicho hicho. Na mama Kiama, Wamucii, mpaka leo yuko Emali anauza kwenye duka lile.

"Mama," Kavata alisema, "kuna wimbo..."

"Ni wewe," Wamucii akamkatiza. "Nilisikia hapa dukani, nikazima redio. Nilidhani ni uzee."

Kwa Wamucii kulisikika malori yakipita.

"Redio walisema imetengenezwa Mbumbuni," Wamucii aliendelea. "Kijana wa mitambo anaitwa Nyamai. Enda, mwanangu. Kama Kiama yuko huko, mwambie..." Akasita. "Hapana. Usimwambie kitu. Mwangalie tu kama amekonda."

*

Studio ya Nyamai ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Kavata aliingia bila kubisha. Kuta zilikuwa zimefunikwa na trei za mayai na mablanketi mazee, na mbele ya kompyuta alikaa kijana mwembamba mwenye sweta ya kijani. Alikuwa anakula mkate mkavu. Aliurudisha kwenye karatasi haraka na kusimama.

"Karibu, madam. Ni gospel?"

"Ni nini?"

"Hiyo unataka kurekodi. Wamama wengi wakikuja hapa ni gospel. Uko na kwaya ama uko peke yako?"

"Niko peke yangu," alisema Kavata, na neno hilo likamchoma mwenyewe. "Nimekuja kuchukua mume wangu."

Nyamai aligeuka akatazama nyuma yake, kana kwamba huenda mtu yumo asimwone. "Hapa hakuna mzee wa mtu, madam. Ni mimi na hizi mashine."

Kavata hakubishana. Maikrofoni ilikuwa inaning'inia katikati ya chumba. Akaisogelea.

"Uko wapi?" alisema. Hakuigiza. Alisema tu.

Kijana akaganda. Halafu midomo yake ikacheza, polepole, kama mtu anayeitikia sala.

"Kuja basi," alisema Nyamai. "Chakula imepoa." Akarudi kitini. "Ni wewe."

"Kiama ako wapi?"

"Keti kwanza."

"Sikukuja kukaa."

Nyamai alichukua simu, akaifungua, akampa. Kavata alitazama. Ulikuwa ukurasa ule ule anaoujua, sauti zake zote zimejipanga, isipokuwa umegeuzwa. Maneno yake yalikuwa upande wa mtu anayepokea. Na juu, mahali pa jina, palikuwa pameandikwa: *Auntie wa Jioni*.

"Umemwibia simu."

"Hapana, madam, haki ya Mungu. Laini yangu ilipotea, nikanunua ingine mpya hapa sokoni. Kumbe hii namba ilikuwa ya mtu. Ikikaa sana bila kutumika, kampuni ya simu inaiuza tena. Siku nimeiwasha, sauti yako ikaingia."

"Kwa hivyo Kiama hakusikia."

"Hakusikia."

"Hata moja?"

"Hata moja, madam."

Sasa Kavata aliketi. Alikaa juu ya spika, maana hakuwa na habari ni kitu gani kiko chini yake.

Fikiria, msomaji, alichokuwa amekisema kwenye simu ile. Uvimbe alioukuta kwenye titi, na hofu yake, na siku daktari aliposema si kitu. Mambo ya kitandani ambayo mke humwambia mume. Matusi pia, siku za hasira. Jioni nyingine hakuwa na la kusema, akaiweka simu mezani ikirekodi, akala tu, ili asile peke yake.

"Ile ya kula," alisema kwa taabu. "Hiyo pia ulisikiliza?"

"Hiyo nilikula nayo," alisema Nyamai.

Kavata aliinua uso. Kijana hakuwa anacheka.

"Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu. Namba si yake. Basi."

"Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena." Nyamai alikuwa akiyasemesha magoti yake. "Ya kwanza nilicheka, sitakudanganya. Ya pili sikucheka. Nilikuwa nimetoka Nairobi nimeshindwa na kila kitu, nalala hapa hapa kwa sakafu. Hakuna mtu ananiuliza kama nimekula. Halafu jioni simu inalia, kuna mtu anauliza, umekula? Ningekuambia, ungenyamaza. Ni ubaya, madam. Najua ni ubaya."

"Nilikataa mtu mzuri kwa sababu yako."

"Muindi," Nyamai alinong'ona.

Hilo ndilo lililomwasha. Kusikia jina la Muindi, alilomtajia Kiama tu, kinywani mwa mtoto asiyemjua. Kavata alisimama, akampiga kofi moja, na kofi lile halikutoa mwangwi wowote. Mablanketi ya ukutani yalilimeza. Nyamai hakushika shavu.

"Toa sauti yangu kwa hiyo wimbo."

"Nitatoa. Hata saa hii. Lakini..."

"Toa!" Kavata alikuwa ameshika mlango.

"Madam, kuna mtu mwingine ndani ya hiyo wimbo. Sikiza yeye kwanza, halafu unipige tena."

*

Kwenye kompyuta wimbo ulikuwa mistari ya rangi iliyolazwa mmoja juu ya mwingine. Nyamai akawa anaizima mmoja mmoja, akianza na sauti ya Ndengu Kali, na kila alipozima alisema ni nini.

"Hii ngoma kubwa si ngoma. Ni susu wangu akitwanga muthokoi." Susu ni nyanya, mama wa mzazi; muthokoi ni mahindi yanayokobolewa kwenye kinu. Akazima kinu cha nyanya yake. "Hii ni kayamba ya kwaya ya vijana, hapo juu kanisani." Kayamba ikanyamaza. "Hii ting, ting, ni kijiko yako na sufuria."

"Naijua."

"Hii ni wewe."

Akamzima Kavata. Kikabaki kitu kimoja, chembamba, kinachopiga kelele mbali kabisa kama kifaranga.

"Hiyo ni ndege," Kavata alisema.

"Si ndege. Niliikimbiza, nikaivuta juu mpaka ikawa hivyo. Ngoja niirudishe vile ilikuwa."

Alibonyeza hapa na pale. Kifaranga kikashuka, kikapanuka, kikapata kifua. Kukasikika injini ya lori, na juu ya injini, mwanamume akiita:

"Rudi, rudi, rudi... kata, kata... rudi! Hapo! Hapo hapo!"

Kazi ya utingo, kumwelekeza dereva anayerudi nyuma. Kenya nzima ina watingo. Lakini Kavata alimjua mtu aliyelisema neno "kata" kana kwamba ana kipande cha muwa mdomoni. Alikuwa amelala kando ya mdomo huo.

Aliweka kiganja juu ya spika, akahisi ile sauti ikimpiga mkononi.

"Ulitoa wapi?"

"Zombe. Siku ya soko." Nyamai alizungumza haraka sasa. "Wewe mwenyewe ndio ulinionyesha. Kwa sauti zako ulikuwa unamwelezea sana. Mrefu, lori za ndengu, akiita hushika sikio moja. Nikaanza kuzunguka masoko nikiuliza. Nilisema, nikimpata nampea hii laini mkononi, namwambia ongea na bibi yako, mimi nitoke katikati. Zombe nikaona mtu ameshika sikio. Nikawasha simu, nikarekodi."

"Ni yeye," alisema Kavata. "Nyamai, ni yeye! Yuko hai!" Na machozi yakamtoka, akawa anacheka ndani yake. "Sasa mbona hukusema? Miezi yote hii, mbona umenificha?"

"Anaitwa Kimeu huko. Watu wote wanamwita Kimeu. Nikasema, labda nimekosea. Nikakosa mdomo wa kukuambia, nikawaweka wawili kwa wimbo moja. Wewe unaita, yeye anajibu rudi, rudi. Nilisema siku moja utasikia, na kama ni yeye, utamjua."

"Lakini ulimgeuza kifaranga! Ningemjuaje?"

Nyamai alikuwa ameushika ule mkate wake, akiuvunjavunja juu ya karatasi.

"Nyamai. Kama ulitaka nimjue, ulimfichia nini?"

"Hiyo rekodi ni ndefu kuliko hapo nilikata," alisema mwishowe.

"Iache iende."

"Madam, chukua hiyo umesikia, uende nayo. Inatosha."

"Nimesema uiache iende."

Akaiacha.

Injini ikazima. Mlango wa lori ukafungwa kwa kishindo. Nyayo, kisha sauti ya Nyamai mwenyewe, changa na yenye woga: "Boss, samahani. Wewe ni Kiama?"

"Kiama ni nani?"

"Kuna mwanamke Tulia. Anaitwa Kavata. Anakutafuta."

Kimya. Mahali fulani sokoni mbuzi alilia. Kimya kikaendelea mpaka Kavata akadhani rekodi imekwisha, akamgeukia kijana.

Ndipo ile sauti ikarudi, karibu kabisa na simu, ya chini, ya mtu anayemnong'oneza mkewe gizani:

"Mwambie Kiama alikufa."

Nyamai alinyoosha mkono akazima.

Nje, mtu alikuwa anapima mbolea dukani, akimsimulia mwingine habari ya mvua. Kavata alisikiliza habari ile ya mvua mpaka ikaisha. Kisha akafunga leso yake vizuri kichwani, akasimama.

"Siku ya soko Zombe ni lini?"

"Kesho," alisema Nyamai. "Lakini madam, usiende kabla sijakuambia. Huyo dereva wa hiyo lori, yule alikuwa anaambiwa rudi, rudi... hakuwa mwanaume. Na aliposhuka, vile ulimwelezea kwa sauti zako, wewe mwenyewe ungemjua."